MJADALA: Mzazi asiyetoa matunzo azuiwe kumwona mtoto?

Mleta mada:
Wakuu, nina hoja ninayotaka tuijadili bila matusi. Wazazi wameachana. Mahakama imemwamuru mmoja wao atoe matunzo kila mwezi, na imempangia siku za kuwa na mtoto. Miezi inapita, hatoi kitu. Siku yake ya kumwona mtoto ikifika, huyo hapo mlangoni anagonga. Je, anayeishi na mtoto ana haki ya kumfungia?

Msimamo wangu nauweka wazi: hana, na asipewe haki hiyo. Sisemi hivi kwa kumhurumia mkwepaji. Matunzo ni haki ya mtoto, na kuonana na mzazi ni haki ya mtoto huyohuyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 umeyaweka mambo haya mahali tofauti. Ibara ya 9 inampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale jambo hilo linapokwenda kinyume na maslahi yake. Ibara ya 27 inazitaka nchi zihakikishe matunzo yanapatikana, hata kama mzazi yuko nchi nyingine. Moja halikufanywa sharti la kupata lingine. Ukimzuia baba kwa sababu hajatoa fedha, mtoto aliyekosa ada sasa amekosa na baba. Karibuni.

Mama wa Watatu:
Napinga, na nitaeleza kwa nini. Maneno yako ni mazuri yakisomwa na mtu aliyekaa tu. Mimi nalipa kodi ya nyumba, nanunua dawa, nakesha mtoto akiwa na homa. Mwenzangu anakuja mara moja na zawadi, anaitwa baba mzuri, anaondoka. Ninayemwambia mtoto "hiyo haiwezekani, hela hakuna" ni mimi, kwa hiyo mkali ni mimi.

Unasema niende mahakamani. Hukumu ninayo tayari. Kukazia hukumu, yaani kulazimisha itekelezwe, kunataka nauli, nakala, kuomba ruhusa kazini, kisha kesi inaahirishwa kwa sababu mdaiwa hakufika. Mlango ndiyo nguvu pekee niliyobaki nayo. Mnaponiambia niuache wazi, niambieni pia nishike nini badala yake.

Wakili Mstaafu:
Dada yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote hapa, na sitalijibu kwa nadharia.

Kwanza hatari ya mlango. Ukimzuia wakati kuna amri ya mahakama, mvunja amri sasa ni wewe. Yeye aliyekuwa anakwepa hakimu ataanza kumtafuta hakimu kwa haraka, na siku hiyo kinachozungumzwa ni kosa lako, si deni lake. Nimewaona wanawake wenye madai safi kabisa wakiingia mahakamani kama walalamikiwa kwa sababu hiyo tu.

Pili, njia zinazoleta fedha. Kama ameajiriwa, omba amri ya makato ya mshahara inayokwenda moja kwa moja kwa mwajiri. Usisubiri deni likue. Marekani, sheria ya 1988 iliweka kanuni kwamba makato yaanze pale amri inapotolewa, badala ya kungoja mtu ashindwe kulipa kwanza. Huko huko, mwenye limbikizo la deni la matunzo la zaidi ya dola 2,500 hunyimwa hati ya kusafiria. Asiye na mshahara anaweza kuwa na akaunti, gari au kiwanja, na vitu hivyo hukamatwa kama mali ya mdaiwa mwingine yeyote. Mwenye uwezo anayekaidi kwa makusudi anaweza kufungwa kwa kudharau mahakama.

Anayeishi nje ya nchi hajapona. Upo Mkataba wa Hague wa 2007 wa kudai matunzo kimataifa, ulioanza kutumika 2013. Nchi zote mbili zikiwa wanachama, ofisi ya serikali ya upande wako huwasilisha madai kwa ofisi ya upande wake.

Mama wa Watatu:
Nashukuru, kaka. Ila angalia, kila njia uliyotaja inaanza na mimi kufukuzana na mtu.

Wakili Mstaafu:
Ni kweli, na hilo ni kosa la mfumo. Ujerumani tangu 1980 serikali hutanguliza matunzo kwa mtoto wa mzazi anayelea peke yake, kisha yenyewe ndiyo inamfuata mdaiwa. Mwaka 2017 waliongeza umri hadi miaka 18. Sweden nao wana utaratibu wa aina hiyo. Mtoto anakula leo, mkwepaji anadaiwa na serikali, na mama hahitaji kuugeuza mlango wake kuwa mahakama. Kama tuna nguvu ya kupiga kelele, tulipigie jambo hili.

Baba Pacha:
Na sisi tunaolipa bila kukosa halafu hatuwaoni watoto? Nalipa kila mwezi, risiti ninazo zote. Kila nikienda naambiwa watoto wamelala, wamekwenda kwa bibi, wana mtihani. Mleta mada, kwa hoja yako basi, je, nami niruhusiwe kusitisha malipo?

Mleta mada:
Hapana, kaka, na nakujibu kwa sababu ileile niliyoitoa mwanzoni. Ukisitisha, humkomoi mama yao, unawakata watoto. Omba mahakama ikazie amri ya kuonana: ipange siku na saa, mahali pa kukabidhiana, na siku za fidia kwa zile ulizonyimwa. Weka kumbukumbu ya tarehe na ujumbe. Mzazi anayefunga mlango kwa ukaidi anaweza kuadhibiwa, na akikithiri mahakama inaweza hata kubadili mtoto akae na nani. Ila ukiacha kulipa, utafika mbele ya hakimu ukiwa mdaiwa.

Baba Pacha:
Na aliyepoteza kazi?

Wakili Mstaafu:
Kutoweza na kukataa ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la mzazi aliyefungwa miezi kumi na miwili kwa deni la matunzo bila mahakama ya chini kuchunguza kama kweli alikuwa na uwezo wa kulipa. Ikasema haki yake ilivunjwa.

Lakini sikilizeni jambo hili, maana ndipo akina baba wengi wanapozama. Ukipoteza kipato, wasilisha maombi ya kupunguziwa mara moja. Usimpigie mtalaka wako simu mkakubaliana kwa mdomo, halafu ukatulia. Mpaka hakimu aibadilishe, amri inabaki vilevile na deni linahesabika. Marekani tangu 1986 deni lililokwisha kuiva, yaani la miezi iliyokwisha pita, halipunguzwi kwa kurudi nyuma. Hakimu anaweza kuanzia pale tu mwenzako alipojulishwa maombi yako. Kukaa kimya mwaka mzima kwa aibu kunakujengea mlima wa deni usioushuka.

Msomaji wa Historia:
Niongeze moja. Wengi wanadhani sheria siku zote ilimpendelea mama. Uingereza, kabla ya 1839, baba ndiye aliyekuwa na haki karibu yote juu ya watoto wa ndoa. Caroline Norton alitengana na mumewe mwaka 1836, akachukuliwa watoto wake watatu wa kiume, na hakuwa na pa kushtaki. Kampeni yake ilichangia sheria ya 1839 iliyomruhusu mama kuomba malezi ya watoto walio chini ya miaka saba, na hata hapo, aliyethibitika kuzini alinyimwa. Karne nzima wazazi wamegombea mtoto ni wa nani. Swali la mtoto anahitaji nini limechelewa sana kuulizwa.

Baba Pacha:
Basi iwe nusu kwa nusu kwa kila mtu, tuache kugombana.

Msomaji wa Historia:
Australia walikaribia huko. Mwaka 2006 waliweka dhana ya kisheria, yaani mahali mahakama inapoanzia mpaka ithibitishwe vingine, kwamba wazazi wawajibike sawa kwa maamuzi makubwa ya mtoto. Watu wengi wakaielewa kuwa ni mgawanyo sawa wa siku, wazazi wakakubali mipango mibaya wakidhani ndivyo sheria inavyotaka. Dhana hiyo ilifutwa, na mabadiliko yakaanza Mei 2024. Jimbo la Kentucky, Marekani, wao mwaka 2018 walianza na dhana ya muda sawa, inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Mimi sipingi zamu sawa pale wazazi wanapokaa karibu na wanapoelewana. Napinga kuifanya kanuni ya kila mtoto, wa miezi sita na wa miaka kumi na nne.

Mgeni:
Naomba kuuliza haraka. Mwenzangu alizini, ndiyo sababu ya talaka. Si atanyimwa mtoto moja kwa moja? Na tukiandikiana kwamba sitamdai matunzo ili asidai mtoto, inakubalika?

Wakili Mstaafu:
La kwanza: mume mbaya au mke mbaya anaweza kuwa mzazi anayefaa. Siku hizi mahakama nyingi hutazama kama tabia hiyo inamgusa mtoto. Uingereza na Wales tangu Aprili 2022 hata talaka yenyewe haihitaji kuthibitisha kosa la mtu.
La pili: nchi nyingi hazitambui mkataba huo, kwa kuwa unagawa kitu ambacho si chenu. Usiuandike.

Mtoto wa Nyumba Mbili:
Nimesoma yote. Nililelewa katika hali hii na sasa ni mtu mzima. Baba hakutoa matunzo kwa muda mrefu, na mama alinizuia kumwona. Naelewa hasira ya mama sasa kuliko zamani. Lakini nilipokuwa mdogo sikujua habari za fedha. Nilijua tu kwamba baba haji, na nikaamini nimemkosea. Tena mimi ndiye niliyetumwa: "Mwambie baba yako kesho ni mwisho wa ada." Hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Ibara ya 12 ya mkataba huohuo inasema mtoto asikilizwe katika mashauri yanayomhusu. Msikilizeni, lakini msimtume.

Mama wa Watatu:
Mwanangu, umenigusa. Bado nina swali kwa mleta mada: mzazi anayepiga? Huyo naye nimfungulie?

Mleta mada:
Hapana, dada. Usalama wa mtoto na wako unatangulia. Nenda mahakamani kwa maombi ya dharura: kuonana mbele ya msimamizi, au kusitishwa kabisa. Na hapo ndipo ninapoona sababu kubwa zaidi ya kutofunga haya mawili pamoja. Tukisema asiyelipa asione, tumesema pia anayelipa aone. Mkatili mwenye fedha atafika na risiti mkononi.

Mama wa Watatu:
Hiyo sikuwa nimeifikiria. Basi nitafungua mlango, lakini kwa sharti kwenu mnaotunga sheria: siku anayokwenda kulalamika kwamba nimemzuia, hakimu asiondoke kitini kabla hajafungua na jalada la deni lake. Yote mawili, hakimu mmoja, siku moja.

Wakili Mstaafu:
Hilo naliunga mkono. Wewe usingoje sheria mpya, dada. Akileta malalamiko yake, wasilisha ya kwako wiki hiyohiyo, na uombe kwa maandishi yasikilizwe pamoja.