Helpdeski ya IT hapa Dar, naanzia wapi?

Mzee wa Bando:
Wakuu habari za mihangaiko. Nilimaliza diploma ya IT mwaka jana, fildi nilipiga kwenye ofisi moja hivi ila kusema ukweli kazi kubwa ilikuwa kubadili tona na kutumwa chapati. Sasa nipo tu home Mbagala napigia washkaji Windows kwa elfu kumi kumi. Kuna sehemu wametangaza nafasi ya helpdeski, kile kitengo cha kusaidia wafanyakazi wakikwama na kompyuta, wanataka mtu mwenye uzoefu, na jamaa yangu ananambia nilipie kwanza cheti cha CompTIA A+ ndo niombe. Hela yenyewe ya kuungaunga. Nilipie? Na huko mtu unafanya nini siku nzima? Kama huna ushauri pita kimya kimya.

Dada wa Posta:
Mdogo wangu A+ ni mitihani miwili, sa hivi ni 220-1201 na 220-1202, kila mmoja unalipiwa kivyake tena kwa dola, na cheti kinaisha muda baada ya miaka 3. Siyo kibaya, ila wewe soma tu yaliyomo, Professor Messer anayefundisha A+ yupo YouTube bure kabisa, mtihani utafanya ukishaanza kula mshahara.

Kuhusu kazi, Jumatatu asubuhi simu karibu zote ni paswedi. Kuna mama wa uhasibu akaunti yake ilikuwa inajifunga, mwenzangu anaifungua, baada ya dakika chache imejifunga tena, mpaka watu wakaanza kusema ana mkosi. Nikaingia kwenye logi za seva, zile kumbukumbu za kila kinachotokea, nikatafuta tukio namba 4740, hilo ndo linaonyesha kufungwa kunatokea wapi, nikakuta siyo kwenye kompyuta yake, ni seva ya imeili. Nikamuuliza mama una simu ngapi? Kumbe ya zamani kamwachia mwanae Tabata anachezea gemu, bado ina imeili ya ofisi na paswedi ya zamani, inagonga mlango kutwa nzima mpaka akaunti inajifunga. Ungemfungulia mara mia angerudi tu.

Fundi wa Gerezani:
Uzoefu unatengenezwa bana. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, shusha Windows Server ya majaribio, Microsoft wanakupa siku 180 bure, tengeneza Active Directory yako (ndo inayotunza akaunti na ruhusa za watu ofisini) na watumiaji wa uongo, mfungie mtu akaunti, mfungulie, mnyime ruhusa ya folda uone atakachokiona. Halafu weka osTicket au GLPI, programu za kuandika na kufuatilia matatizo ya watu, nazo bure, kila unachofanya kifungulie tiketi: mtu kalalamika nini, umecheki nini, imepona vipi. Hata hizo laptopu za washkaji ziandike humo, maana ukienda kusema "napigaga Windows" hakuna atakayekuelewa. Ila shusha kwa bando la usiku, faili la hiyo Windows Server ni zaidi ya GB 4, mchana utalia.

Mkweli Daima:
Mnamdanganya dogo, Bongo hii koneksheni kwanza hayo mengine baadaye.

Fundi wa Gerezani:
@Mkweli Daima koneksheni ipo hakuna anayebisha, ila itakupeleka mpaka mlangoni, ndani bosi akikwambia printa haitoi utampigia simu mjomba? Tangu Windows 10 iishiwe sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 mimi vibarua vya kuhamishia watu Windows 11 havikauki, na hakuna mjomba hata mmoja hapo.

Mzee wa Bando:
Shukrani sana wakuu. RAM yangu ni GB 4 tu 😅 itabidi nipite Kariakoo niongeze. Dada, kwenye intavyuu huwa wanauliza nini?

Dada wa Posta:
Mimi niliulizwa mtu kapiga simu hana intaneti unaanza wapi. Wengi wanakimbilia kuzima rauta, sasa ofisi nzima iko hewani wewe unawakatia wote kwa ajili ya mtu mmoja! Uliza kwanza ni yeye peke yake au wote, waya umekaa vizuri, ndo umwambie aandike ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, akusomee. Ikianza na 169.254 ujue kompyuta imekosa jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, ikajipa anwani yenyewe, achana na brauza. Ukikwama sema utaipandisha kwa ngazi ya pili, yaani mafundi wa juu yako, ukiwa umeandika ulivyojaribu, wanapenda sana kusikia hilo.

Na barua tuma leo mdogo wangu, usisubiri RAM.