TV ya antena kutoka kompyuta ya nyumbani hadi kwenye simu: picha inaganda, na nje ya nyumba haifunguki kabisa

kitana_cha_mawimbi

Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani, Core i5 kizazi cha 7, RAM GB 8, inaendesha Debian na Tvheadend (programu inayopokea TV ya antena na kuisambaza kwenye mtandao). Tyuna (kifaa cha kupokea mawimbi ya TV) ni ya USB ya DVB-T2, yaani TV ya kidijitali ya antena, moja tu, imeungwa kwenye antena ya paa. Chaneli zote ni za bure, hakuna iliyofungwa kwa kadi.

Shida ni hizi. Ndani ya nyumba VLC ya simu inafungua chaneli, lakini picha inaganda mara kwa mara, na mtu akikimbia kwenye picha naona mistari kama meno ya kitana. Nikitumia kivinjari cha simu, chaneli kadhaa zinaonyesha picha bila sauti. Nikiwa nje ya nyumba hakuna kinachofunguka, ingawa poti 9981, mlango wa mtandao wa Tvheadend, nimeifungua kwenye ruta. Kasi ya intaneti ni Mbps 40 kupakua na 5 kupakia.

Je, nibadilishe tyuna, kompyuta, au mipangilio tu? Na watu wawili wanaweza kutazama chaneli mbili tofauti kwa wakati mmoja?

---

fundi_multipleksi

Mkuu, kabla ya yote funga hiyo poti 9981. Tvheadend inatumia HTTP ya kawaida bila usimbaji fiche, kwa hiyo kuiacha wazi kwenye intaneti ni kuwaachia mlango watu wanaopekua poti usiku na mchana. Ya nje tutaifikia kwa njia nyingine.

Vifaa vyako vinatosha. Kinachokusumbua ni kwamba mawimbi ya TV yametengenezwa kwa ajili ya runinga, na wewe unayapeleka kwenye simu yakiwa mabichi. Chaneli ya HD ya 1080i huja na nusu-fremu: mistari ya namba witiri kwanza, kisha ya shufwa. Runinga huziunganisha yenyewe, ila programu nyingi za simu hazifanyi hivyo mpaka uziambie, na hapo ndipo meno ya kitana yanapotokea. Sauti nayo mara nyingi ni ya muundo wa MP2 au AC-3. VLC inazijua zote mbili, lakini vivinjari vingi havizijui, vinataka AAC. Ndiyo maana unapata picha bubu.

Kwa hiyo video lazima isimbwe upya, yaani igeuzwe muundo, kwenye kompyuta kabla ya kutumwa. Njia nyepesi ni kuweka Jellyfin, seva ya video ya nyumbani, juu ya Tvheadend:

1. Kwenye Tvheadend tengeneza mtumiaji wa jina `*` na nywila `*`, mruhusu kutiririsha tu, na kwenye mitandao inayoruhusiwa andika `127.0.0.1/32`, yaani kompyuta yenyewe tu. Hapo Jellyfin iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo itaingia bila nywila, na mwingine yeyote atakataliwa.
2. Kwenye Jellyfin, sehemu ya TV ya moja kwa moja, ongeza tyuna ya aina ya M3U (orodha ya chaneli): `http://127.0.0.1:9981/playlist/channels`. Ratiba ya vipindi ni XMLTV: `http://127.0.0.1:9981/xmltv/channels`.
3. Mwingize mtumiaji `jellyfin` kwenye kundi la `render`, washa upya huduma, kisha kwenye mipangilio ya usimbaji wa video chagua Quick Sync (usimbaji unaofanywa na chipu ya picha ya Intel). Hakikisha faili `/dev/dri/renderD128` lipo. Kizazi cha 7 kinasimbua video za MPEG-2, H.264 na hata HEVC ya biti 10 kwa chipu ya picha, kwa hiyo prosesa itabaki imetulia.
4. Kwenye programu ya simu weka ukomo wa Mbps 2 ukiwa nje, na 6 ukiwa ndani.

Ukomo huo usiupuuze. Chaneli ya HD ikiwa Mbps 8, haiwezi kupita kwenye kasi yako ya kupakia ya 5 hata ufanye nini. Kwa Mbps 2, picha ya 720p inatosha kabisa kwenye kioo cha simu, na saa moja inakula takriban GB 0.9.

Kuhusu watu wawili: masafa moja hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja, ndiyo multipleksi. Tyuna moja inakamata multipleksi nzima, kwa hiyo chaneli mbili zilizo kwenye multipleksi moja zinaonekana pamoja bila shida. Zikiwa kwenye masafa tofauti, unahitaji tyuna ya pili. Usisahau pia kwamba kinachorekodiwa kinashikilia tyuna.

---

waya_mwekundu

Naafiki, ila kuganda kwa picha kusihukumiwe bila kupima. Fungua ukurasa wa hali wa Tvheadend chaneli ikiwa inaendelea, utazame safu ya makosa ya mwendelezo (pakiti za video zilizopotea njiani). Namba ikipanda kila picha inapoganda, tatizo liko upande wa antena au tyuna, na hakuna mpangilio wa Jellyfin utakaolitibu. Ikibaki sifuri, tatizo ni Wi-Fi au simu yenyewe.

Ya Wi-Fi: iunge kompyuta kwenye ruta kwa waya, na simu iweke kwenye 5 GHz. Kifaa cha USB 3.0 hutoa kelele ya mawimbi inayovuruga Wi-Fi ya 2.4 GHz, na kelele hiyo hiyo huweza kuingia kwenye tyuna iliyo jirani. Tumia kebo ya kurefusha ya mita moja, tyuna ikae mbali na kompyuta, kwenye tundu la USB 2.0.

---

kitana_cha_mawimbi

Asanteni sana. Poti nimeifunga, Jellyfin imekubali, mistari imekwisha na sauti ipo kila chaneli.

Vipimo: masafa mawili makosa ni sifuri. Masafa ya tatu, yaliyo juu kuliko mengine, makosa yanapanda. Kati ya antena na tyuna kuna kigawanyaji cha njia mbili, njia ya pili inaenda kwenye runinga, na kikuza mawimbi kiko chini karibu na kompyuta.

Jambo lingine: anwani ambayo ruta inaonyesha upande wa intaneti inaanza na 100.72.

---

waya_mwekundu

Kikuza mawimbi kiko mahali pasipofaa, mkuu. Kigawanyaji cha njia mbili kinakula takriban dB 3.5 kwa kila njia, na kebo ndefu inakula zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Ndiyo maana yaliyo juu ndiyo yanayoumia. Kikuza kilicho chini kinakuza mawimbi ambayo tayari yamechoka, pamoja na kelele yake. Kipandishe kwenye mlingoti, kabla ya kebo ndefu, kisha kigawanyaji kifuate.

Usikiongeze nguvu hadi mwisho. Tyuna ikilishwa mawimbi makali kupita kiasi, makosa hurudi hata kama kipimo cha nguvu kinaonyesha 100%. Kinachokuambia ukweli ni SNR, uwiano wa mawimbi na kelele. Punguza kidogo kidogo hadi SNR ifike kileleni, hapo uache. Minara ya simu ikiwa karibu, kichujio cha LTE (cha kuzuia mawimbi ya 4G) kiwekwe kabla ya kikuza, kwa kuwa baada yake kitakuwa kimechelewa.

---

fundi_multipleksi

Hiyo 100.72 imejibu swali la nje ya nyumba. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa CGNAT: kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Unaweza kufungua poti zote za ruta yako, ombi kutoka nje bado halitaifikia.

Njia ni tatu. Kama kampuni yako inatoa IPv6 (anwani za intaneti za mfumo mpya) na mtandao wa simu pia unayo, tumia hiyo. Ya pili ni Tailscale, huduma ya VPN (mtandao binafsi juu ya intaneti), ambayo hutoboa CGNAT mara nyingi na haihitaji kufungua poti yoyote. Ikishindwa kutoboa, picha hupitia seva zao za kati, na kasi hushuka. Ya tatu, ninayoiamini zaidi, ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuweka WireGuard, programu ya VPN, juu yake, poti ya UDP 51820. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayopiga kwenda kwenye seva, kwa hiyo CGNAT haina la kuzuia. Upande wa nyumbani weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo njia itafungwa ikikaa kimya. Kwenye simu, `AllowedIPs` iwe ya mtandao wa WireGuard peke yake, ili mambo mengine ya simu yasizunguke kupitia kwenye seva. Ukishaunganika, Jellyfin inafunguka kwa anwani ya ndani ya WireGuard, poti 8096.

Video ikianza kisha ikasimama palepale huku kurasa nyepesi zikifunguka, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WireGuard kutoka 1420 hadi 1280. Mitandao mingi ya simu hupunguza ukubwa wa pakiti bila kutoa taarifa.

---

chujio_safi

Nyongeza kwa asiyetaka Jellyfin, ffmpeg, programu ya amri ya kusimba video, inafanya kazi hiyo peke yake na kuikata video vipande vifupi:

`ffmpeg -i ANWANI_YA_CHANELI -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf "bwdif=mode=0,scale=-2:720" -c:v libx264 -preset veryfast -b:v 2000k -maxrate 2200k -bufsize 4000k -g 50 -sc_threshold 0 -c:a aac -b:a 96k -ac 2 -f hls -hls_time 4 -hls_list_size 6 -hls_flags delete_segments /dev/shm/tv/moja.m3u8`

Folda ya `/dev/shm/tv` itengenezwe kwanza, na seva yoyote ya wavuti iielekee. Iko kwenye RAM, kwa hiyo SSD haiandikwi mchana kutwa. `-g 50` ni kwa TV ya fremu 25: fremu kamili kila sekunde 2, ili vipande vya sekunde 4 vikatike sawasawa. Vichezaji vingi huanza vipande vitatu nyuma, kwa hiyo tarajia kuchelewa sekunde 12 na zaidi. Kwenye mpira utasikia jirani akishangilia kabla hujaliona goli. Ukishusha `-hls_time` hadi 2 kuchelewa kunapungua, lakini mtandao wa simu ukiyumba kidogo tu picha itakwama.