Utando mwembamba au mnene kwa betri ya mtiririko ya vanadi?

Swali

Ndugu zangu, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu betri za mtiririko za vanadi, yaani zile ambazo nishati yake hukaa katika elektroliti (myeyusho wenye ioni) ya matangi mawili na kusukumwa kwa pampu hadi kwenye seli. Ndani ya seli, utando hutenganisha elektroliti hizo mbili. Nimejaribu tando mbili za Nafion, plastiki yenye florini inayopitisha protoni, mmoja wa mikromita 51 na mwingine wa mikromita 183. Ule mwembamba hupoteza chaji zaidi kwa sababu ioni za vanadi hupenya upande wa pili. Lakini nikiongeza mkondo wa umeme, ndio unaonirudishia sehemu kubwa zaidi ya nishati niliyoiweka. Je, nitumie kigezo kipi kuchagua?

Jibu la kwanza

Matokeo yako hayapingani. Utando unatakiwa upitishe protoni na wakati huohuo uizuie vanadi, na kila unachofanya ili kuboresha kazi moja huelekea kuidhoofisha ya pili. Hasara itokanayo na ukinzani hukua pamoja na mkondo, ilhali hasara ya upenyaji hutegemea zaidi muda. Ukichaji polepole, mzunguko mmoja huchukua saa nyingi na vanadi hupata nafasi ya kuvuka. Ukichaji kwa kasi, mzunguko huisha mapema, na ndipo unene wa utando unapoanza kukugharimu volti. Kwa hiyo swali la utando upi ni bora halina jibu mpaka utaje mkondo kwa kila sentimita ya mraba. Nakusihi upime kwa mikondo mitano au sita, kwa sababu tarakimu moja ya ufanisi, hata ikiwa kubwa kiasi gani, haimsaidii atakayejenga betri.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila ningependa utenganishe hasara inayorekebishika na ile isiyorekebishika. Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walipoiendeleza betri hii katika miaka ya 1980, walitumia vanadi pande zote mbili, hivyo ioni iliyovuka haiwi uchafu: elektroliti zikichanganywa na kuchajiwa upya, uwezo mwingi uliopotea kwa njia hiyo hurudi. Utando ulioliwa haurudi. Vanadi iliyo katika hali ya oksidisho ya +5, yaani iliyopoteza elektroni tano, ni kioksidishaji kikali, nayo hukata minyororo ya tando nyingi za hidrokaboni, ambazo zingetuvutia kwa bei yake. Nafion huvumilia kutokana na uimara wa vifungo vya kaboni na florini. Hata hivyo, kemikali zenye vifungo vingi vya aina hiyo haziozi kwa urahisi, na mwezi Januari 2023 Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden ziliwasilisha pendekezo la kuzidhibiti katika Umoja wa Ulaya. Kwa maoni yangu, tasnifu yako itakuwa na uzito zaidi ukiongeza angalau utando mmoja usio na florini.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, uimara wa utando kama huo naweza kuupima bila kuendesha betri kwa miezi?

Jibu la pili

Unaweza kuanza na chupa. Loweka kipande ulichokipima uzito katika myeyusho wa vanadi ya +5 wenye asidi ya sulfuriki, ambao rangi yake ni njano. Utando ukioksidishwa, vanadi hushuka hadi +4, ambayo ni ya bluu, kwa hiyo utaona ukijani ukijitokeza kidogo kidogo. Kiasi cha vanadi ya +4 kipime kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na myeyusho. Weka na chupa nyingine isiyo na utando kwa ajili ya kulinganisha. Kuhusu upenyaji, tumia chombo cha vyumba viwili, kimoja kikiwa na vanadili salfeti (chumvi ya vanadi ya +4) na kingine magnesiamu salfeti ya ukolezi uleule, ili osmosi isivute maji na kukuharibia kipimo.