Wauza TV mnaosema "inaunganishwa na simu", semeni ni simu ipi!

Wakuu, salaam. Wasimamizi, tafadhali msiuunganishe uzi huu na zile za "nisaidieni kuunganisha simu na TV". Siombi msaada. Nalalamika, na nataka wauzaji wa TV waliomo humu wasome mpaka mwisho.

Kila duka la TV siku hizi, liwe la Kariakoo au la mkoani, lina sentensi moja: "Hii ni smart, unaunganisha na simu yako." Basi. Muuzaji haulizi unatumia simu gani. Haulizi kama nyumbani kuna Wi-Fi au mnaishi kwa bando la simu. Anakuonyesha alama iliyochapwa kwenye boksi, anapokea hela, anakufungia kamba. Ukirudi kulalamika unaambiwa simu yako ni feki.

Mimi nimeambiwa hivyo. Mama yangu yuko Korogwe, macho yameanza kumsumbua, na wajukuu wake wametawanyika. Ndugu tukachanga tumnunulie TV ya inchi 43 ili picha na video anazotumiwa WhatsApp, pamoja na harusi ya mdogo wetu iliyorekodiwa kwa simu, azione kwa ukubwa unaomfaa. Dukani nilieleza shida yangu vizuri kabisa: nataka simu irushe picha kwenye TV, dada yangu anayekaa na mama ana iPhone, mimi nina Android ya bei ya kati. Jibu: "Zote zinakubali kaka, wala usiwe na wasi." Akaongeza kwamba hata rimoti ikipotea, simu inageuka rimoti.

iPhone ya dada haikuiona ile TV kabisa, na haitaiona. TV ile inatumia Miracast, mfumo uliotolewa mwaka 2012 na muungano wa makampuni ya Wi-Fi, ambapo simu na TV zinaongea moja kwa moja bila intaneti. iPhone haina Miracast na haijawahi kuwa nayo. Apple wana mfumo wao, AirPlay, na ili uutumie lazima TV yenyewe iwe na AirPlay 2 au uchomeke pembeni kifaa chenye AirPlay. TV zenye AirPlay 2 zipo: Samsung, LG na Sony walitangaza kuiweka kwenye baadhi ya TV zao mwaka 2019. Lakini hizi za bei ya chini zinazojaa madukani kwetu, nyingi hazina. Mtu anayeuza TV kutwa nzima hawezi kuniambia hajui hilo. Na kama kweli hajui, asiseme "zote zinakubali".

Android nayo si moja, na hapa ndipo wengi mnaumizwa bila kujua. Mwaka 2013 Google walitoa Chromecast na mfumo wao wenyewe wa kurusha video. Mwaka 2015, Android 6 ilipotoka, wakaiondoa Miracast kwenye simu zao za Nexus, na Pixel zilizofuata zikaja bila hiyo. Makampuni mengine yakaendelea na Miracast, lakini kila moja likaipa jina lake. Samsung wanaiita Smart View, Huawei wana jina lao, wengine wameandika Cast tu, jina lilelile wanalotumia Google kwa mfumo wao ambao ni kitu kingine kabisa. Mnunuzi wa kawaida anabonyeza Cast, simu inatafuta, inatafuta, haipati kitu. Anadhani yeye ndiye hajui. Mama mzima anaambiwa na mtoto wa dukani "hujui kutumia", kumbe vifaa viwili alivyouziwa haviongei lugha moja!

Kuna hizi TV zilizoandikwa "Android" kwa maandishi makubwa. Nyingi hazina idhini ya Google, kwa hiyo mfumo wa kurusha wa Google haumo ndani. Badala yake kuna programu usiyoijua. Ukiifungua inakuletea msimbo wa QR, inakwambia uskani, upakue faili ya APK nje ya Play Store na uiweke kwenye simu yako. Simu ileile yenye pesa zako za mtandaoni. Simu yenye akaunti ya benki na SMS za namba za siri. Na wauzaji wanatufundisha kufanya hivyo palepale dukani: "Kubali tu kila inachouliza." Mimi nilikataa, na nitaendelea kukataa.

Sasa waya. Niliporudi dukani na simu yangu mkononi, yule kijana akatoa waya wa Type-C kwenda HDMI (tundu la TV la kupokea picha), akasema huu hauna longolongo, unafanya kazi na simu yoyote ya Type-C. Nikalipia. Nimechomeka, TV inaandika hakuna mawimbi. Nimekwenda kwa fundi, yuleyule anayenitengenezea simu siku zote, akaangalia modeli tu na kuniambia tundu la simu hiyo halitoi picha. Ni la kuchaji na kuhamisha mafaili, basi. Umbo la tundu si uwezo wa tundu. Galaxy S tangu S8 zinatoa picha kwa waya, iPhone tangu 15 zinatoa, lakini simu nyingi za bei ya chini na ya kati ambazo ndizo tunazozimudu hazitoi, hata ununue waya wa dhahabu. Maneno "simu yoyote" yamechapwa kwenye pakiti ya ule waya, na waya hizo zimetundikwa kila kibanda. Ni watu wangapi wameishia kuzitupa kabatini wakiamini simu zao ni mbovu?

Nikaurudisha. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi," ndivyo ulivyosema muhuri kwenye risiti. Nikauliza hata kama mmenidanganya? Ndipo nikaambiwa simu yangu feki, mbele ya wateja.

Wakuu, hapa nimekasirika kuliko kwenye hela. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji kwenye biashara, na kuna Tume ya Ushindani iliyowekwa kuisimamia. Muhuri wa "hairudishwi" haufuti uongo uliosemwa kabla ya hela kutoka mfukoni. Tume inakamata bidhaa bandia, sawa, tunashukuru. Lakini TV halisi iliyouzwa kwa maneno ya uongo nayo inamuumiza mnunuzi vilevile.

Na ile ahadi ya "simu inageuka rimoti". Rimoti ya mama ilianguka ikapasuka. Nikasema haya, ndio wakati wake. Programu ya rimoti inataka simu na TV ziwe kwenye mtandao mmoja. TV ilikuwa imeunganishwa na hotspot ya simu ya dada, na dada alikuwa amebadilisha simu. Ili kuiunganisha TV na hotspot mpya unahitaji kuingia kwenye mipangilio. Ili uingie kwenye mipangilio unahitaji rimoti. Yaani rimoti ya simu inafanya kazi vizuri pale ambapo bado unayo rimoti ya kawaida! Nani alikaa akafikiri hili ni jambo la kumuahidi mteja?

Kwa aliyekwama kama sisi: ipe hotspot ya simu mpya jina na nenosiri lilelile la zamani, herufi kwa herufi, TV itajiunga yenyewe. Pia jaribu kuchomeka mausi ya kompyuta kwenye tundu la USB la TV, zenye Android nyingi zinaikubali. Simu yenye taa ya infraredi, kama Xiaomi nyingi, haihitaji mtandao wowote kuwa rimoti. Hayo nimeyapata kwa kuhangaika, hakuna hata moja lililotoka dukani. Na tafadhali msikimbilie zile programu za bure za "rimoti ya TV zote" kule Play Store. Matangazo kila ukibonyeza, kisha zinataka malipo ya kila wiki.

Suala la bando ndilo linaloonyesha kwamba vifaa hivi havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Maelekezo yote yanaanza na "hakikisha simu na TV ziko kwenye Wi-Fi moja". Nyumba ngapi Korogwe zina Wi-Fi ya ukutani? Watu wanawasha hotspot. Na mara nyingi simu inayogawa hotspot ndiyo hiyohiyo inayoshindwa kuiona TV kwenye orodha ya kurusha, kwa hiyo unahitaji simu ya pili ijiunge hotspot hiyo ndipo irushe. Familia yenye simu janja moja ifanyeje?

Halafu hakuna anayewaambia watu tofauti ya kurusha na kuakisi, yaani kuonyesha kioo chote cha simu kwenye TV kama kilivyo. Ukirusha YouTube kwa mfumo wa Google, simu inatoa amri tu, TV yenyewe ndiyo inayovuta video kutoka intaneti. Na TV inapenda picha kali. Netflix wenyewe wanasema video ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, na ya 4K mpaka GB 7. Mtu aliyezoea kuangalia kwenye kioo kidogo cha simu kwa GB moja ya wiki anamaliza bando kabla filamu haijafika katikati, kisha anailaumu kampuni ya simu. Lakini ukiakisi kwa Miracast video iliyoko tayari ndani ya simu, kama hiyo ya harusi, hakuna bando linaloliwa hata kidogo, maana haipiti kwenye intaneti. Mama yangu alikaa muda mrefu akikataa tumuonyeshe video akihofia tunamalizia watu vocha. Neno moja tu la muuzaji lingemwondolea hofu hiyo.

Nyongeza: naona mmeanza kuniandikia "mkuu nunua Chromecast uachane na stress" na "lipia Netflix uangalie kwa raha". Sikilizeni. Google walisitisha kutengeneza Chromecast mwaka 2024. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, zilizotoka 2015, ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti cha usalama kilichowekwa ndani yake kilikuwa kimeisha muda. Google walilirekebisha baada ya siku kadhaa, lakini fikiria kifaa ulichonunua kwa hela yako, kizima, kinazimwa na tarehe. Na Netflix, Novemba 2025, wameondoa uwezo wa kurusha kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV nyingi na vifaa vingi vyenye rimoti yake. Ukijaribu kuakisi badala yake, mara nyingi unapata kioo cheusi na sauti tu, maana wanazuia picha isinakiliwe. Kwa hiyo tatizo si duka pekee. Makampuni makubwa nayo yanakuuzia uwezo leo, kesho wanaunyofoa, na wewe huna pa kulalamika.

Aliyeuliza atumieje YouTube ya simu kwenye TV wakati haziko kwenye hotspot moja: kwenye TV fungua YouTube, nenda mipangilio, tafuta sehemu ya kuunganisha kwa msimbo wa TV. Namba itakayotokea iandike kwenye YouTube ya simu yako, upande wa kutazama kwenye TV. Njia hii haihitaji mtandao mmoja. TV inaweza kuwa kwenye hotspot ya jirani na simu yako kwenye data yake, zinaonana.

Na aliyeandika "mbona mimi inakubali vizuri tu": kuwa makini, ukiakisi simu kila kitu kinaakisiwa. Ujumbe wa muamala na salio lako vikiingia vinatokea kwenye inchi 43 mbele ya wageni. Zima arifa kwanza.

Ninachodai hakihitaji kamati. Boksi liandike kwa Kiswahili TV ina Miracast, mfumo wa Google au AirPlay, na kama haina kitu liseme haina. Pakiti ya waya iandike kwamba simu lazima iwe na uwezo wa kutoa picha kupitia tundu lake. Na duka limruhusu mteja kujaribu kwa simu yake mwenyewe kabla hajalipa. Miracast haihitaji hata bando, ni dakika mbili. Mbona TV mnaziwasha kuonyesha rangi? Washeni na hili.

Nyaraka zangu nimeziweka pamoja: risiti ya EFD, picha ya boksi, picha ya pakiti ya waya. Napeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Mwenye risiti na boksi lenye ahadi kama hiyo aandike hapa chini modeli ya TV, modeli ya simu na alichoambiwa dukani, bila kutaja namba ya simu ya mtu. Na kama kuna duka lolote, Dar au mkoani, linalomruhusu mteja kujaribu kwa simu yake kabla ya kulipa, litajeni. Dada bado anatafuta TV itakayokubali iPhone yake, na safari hii hatutoi hela mpaka tuone picha ya mama kwenye kioo.