Naomba ushauri: faini za kodi za duka la marehemu baba, Wete

Asalaam aleikum ndugu zangu, baba yetu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Wete, akaugua akapelekwa Muhimbili na mda wote ule ritani, yaani zile taarifa za mapato na kodi, hazikupelekwa TRA (mamlaka ya mapato), sasa keshatangulia mbele ya haki na sie warithi tunakuta faini na riba zimepanda kuliko kodi yenyewe. Kodi tutalipa inshaallah, deni la maiti si la kuchezea. Ila Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna uwezo wa kusamehe riba na faini kukiwa na sababu ya msingi, sasa alowahi kuomba anambie, barua aandike msimamizi wa mirathi? Karatasi za spitali zinatosha? Na tulipe kodi kwanza ndo tuombe au vipi? Mama yuko eda na hili linamkosesha usingizi.