Naomba ushauri: siku mbili za maonyesho ya sanaa London

Habari zenu wapendwa. Oktoba nitakuwa London siku mbili tu. Nataka kuona Frieze London, maonyesho ambako wauzaji wa sanaa ya kisasa huweka mabanda, pale bustani ya Regent's Park, na 1-54, maonyesho ya sanaa ya Afrika, pale jengo la Somerset House. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya aina hii katika jiji jingine, nilifuata ramani banda kwa banda kwa saa sita. Nikatoka macho yamechoka, sikumbuki hata michoro mitano. Iliniuma, maana sanaa naipenda kwa dhati.

Frieze Masters, ya kazi za zamani, iko bustani hiyohiyo. Niiache? Na je, ni sawa kumuuliza mwenye banda habari za msanii na bei wakati sina uwezo wa kununua? Huwa nasita, napita kimya.

Mliowahi kwenda, naombeni mwongozo.