Mrejesho: graniti, marumaru au kwatzi jikoni

Wakuu, niliomba ushauri wa jiwe la kuweka juu ya kabati za jikoni. Nimeweka graniti nyeusi.

Marumaru ilinivutia, lakini fundi alikamua ndimu kwenye kipande, akasubiri kidogo, akafuta: pakabaki doa lililopauka, mng'ao hakuna. Ni jamii ya chokaa, asidi inaila. Nyumba ya ndimu na ukwaju kila siku, thubutu!

Kwatzi, jiwe la kutengenezwa kiwandani, haijali ndimu, ila imeshikwa na resini (gundi ya plastiki), haitaki moto. Na mama watoto hushusha sufuria la pilau popote.

Graniti imepakwa dawa ya kuzuia kunywa mafuta. Tone la maji likianza kuzama, unapaka tena. Kero yake unga wa chapati, unaonekana wote.

Tundu la sinki likatwe karakana, vumbi lake si mchezo.